Gari la Marehemu Chini ya Mwembe



Kila mtaa wa Bagamoyo una gari moja linalotambulikana kwa sauti kabla halijaonekana kwa macho. Watoto walioketi madrasa hulisikia likija kutoka upande wa Kaole, hulitaja jina la mwenyewe kwa minong'ono, na hawakosei. Mlango wa abiria hufunguliwa kwa ndani tu. Kioo cha dereva kimeshikiliwa na kipande cha mti. Usiku huegeshwa mahali penye mteremko kidogo, kwa hesabu ya kesho asubuhi, ili likikataa kuwaka lisukumwe na vijana wawili badala ya sita. Vijana hao hao huliita mkweche, lakini mwenyewe hulitaja kama anavyomtaja jamaa yake: leo ameamka vibaya, huyu hapendi mvua, mwacheni apumue kwanza.

Nimekusudia juma hili kuyazungumzia magari haya, na sikusudii mzaha. Katika muda nilioshika kalamu ya ukatibu wa kamati ya msikiti nimeitwa katika vikao vya familia vya kila aina, na nimeona jinsi gari kuukuu linavyoweza kuzusha mfarakano katika nyumba ambayo shamba la minazi liligawanywa kwa salama. Shamba lina mipaka, na mipaka ina mashahidi. Gari limejaa kumbukumbu, na kila mtoto wa marehemu ana zake.

Wako wanaosema kuwa kukipenda chuma ni upungufu wa akili. Mimi sikubaliani nao. Aliyesoma Sira anajua kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na vipando vilivyojulikana kwa majina: farasi Sakb, nyumbu Duldul, punda Ufayr, na ngamia jike Qaswa. Katika mwaka wa sita wa Hijra, msafara ulipokuwa ukielekea Makka kwa ajili ya Umra, Qaswa alipiga magoti karibu na Hudaybiya akakataa kuinuka. Watu wakamhimiza, hakuondoka. Wakasema amekuwa mkaidi. Mtume akamtetea, akabainisha kuwa ukaidi si tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia tembo wa Abraha asiingie Makka. Kila niisomapo habari hii huvutiwa na jambo dogo lililomo ndani ya jambo kubwa: katika saa ile ya mashaka mnyama alisemwa vibaya, na mwenyewe akamsafishia jina. Mtu ambaye gari lake limekwama Mapinga jua la saa saba, abiria wakaanza kulilaani, anaijua haja hiyo ya kulitetea, ingawa yeye hana wahyi wa kumweleza kwa nini limekwama.

Na liko tukio la pili, ambalo walimu wetu hulitaja katika somo la unyenyekevu. Ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa (wamo wanazuoni wanaosema kuwa ndiye Qaswa huyo huyo kwa jina jingine) alikuwa hapitwi katika mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito mkubwa. Mtume alipoiona hali hiyo nyusoni mwao aliwafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amejiwekea kuwa hakipandi kitu chochote cha dunia ila atakishusha. Hakuwakemea kwa kusononeka kwao. Aliwaambia tu ukweli wa mambo, kisha wakaendelea na safari zao.

Wazazi wetu nao hawakuyapenda magari yao bure. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki akiwa na Peugeot 404, na wazee waliokuwa vijana wakati huo huzisimulia mbio zile kama zilipita uani kwao. Ndugu yake wa pili, Peugeot 504, alitoka kiwandani mwaka 1968, na kwetu huku pwani pikapu yake ilibeba kila kilichobebeka: nazi, mbao za mvule, samaki wa kukaanga wa kupelekwa mnadani, maharusi na ngoma yao, na maiti na waombolezaji wake. Land Rover ilikuwa na heshima nyingine, heshima ya serikali na ya misheni na ya mashamba ya mkonge. Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya elfu moja zilikusanyika Arusha, nyingine zikiwa zimetoka mbali kwa magurudumu yake zenyewe, na picha za tamasha lile zilizunguka katika simu za watu wazima wa Bagamoyo kwa majuma kadhaa. Mzee mmoja alinionyesha picha moja mara tatu, kila mara akiwa amesahau kuwa nimekwisha kuiona.

Lakini mapenzi yenyewe yalizaliwa katika dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa na fedha za kigeni, na spea zikawa hadithi. Mpaka mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizojipatia wenyewe, mwenye gari aliishi kwa ujuzi wa fundi na kwa dua. Gasketi ilikatwa kwa boksi la karatasi ngumu. Tangi la petroli lililotoboka lilizibwa kwa sabuni ya mche, na likaziba kweli, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kama maji yanavyoiyeyusha. Baba aliyelifikisha gari mwaka 1985 akiwa amelikuta mwaka 1972 hakuwa na gari tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu ya mikono yake mwenyewe ndani ya boneti. Sisi tuliozaliwa katika enzi ya magari ya mtumba kutoka Japani, ambapo umri wa gari husomwa kwenye namba tu, hili ni namba B, lile ni namba D, la jirani ni namba E, tunakuwa wepesi wa kuwacheka. Gari likituchosha tunaliuza, tunaongeza fedha, tunachukua jingine. Wao hawakuwa na jingine la kuchukua.

Sasa nije kwenye kutu, kwa sababu bila kuielewa kutu ya pwani hatutauelewa mkasa nitakaousimulia. Upepo wa baharini hubeba chembe za chumvi, nazo hutua juu ya bati na kuvuta unyevu. Maji yenye chumvi huharakisha ulaji wa chuma kuliko maji matamu. Gari lililokaa Dodoma miaka ishirini na lililokaa Bagamoyo miaka ishirini si wa umri mmoja, hata kama kadi zao zinasema hivyo. Kutu haianzii unapoiona. Huanzia chini ya zulia, ndani ya vizingiti vya milango, juu ya matairi mahali ambapo tope hujikusanya, na katika maungio ya chasisi. Hata Land Rover, ambayo wenyewe hujigamba kuwa haili kutu, inasemwa nusu ya habari yake. Ilipozaliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Lakini chasisi ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, vyuma hivyo viwili hulana. Nimeiona moja bodi yake ikimeremeta, na chini yake chasisi ikimomonyoka kwa kidole.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: gari linaloegeshwa hufa haraka kuliko linaloendeshwa. Betri hujimaliza yenyewe ndani ya miezi michache. Petroli huchacha na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Silinda za breki hushikana na kutu, mipira hukakamaa, matairi hupasuka ubavuni kwa kubeba uzito mahali pamoja, na panya hupata nyumba yenye waya za kutafuna. Kwa hiyo anayesema analihifadhi gari kwa kutoligusa anafanya kinyume cha alichokusudia.

Mkasa wenyewe ni huu. Sitataja mtaa, na wenyewe wameniruhusu nisimulie.

Mzee mmoja, Allah amrehemu, alifariki na kuacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Aliacha nyumba, eneo la minazi upande wa Zinga, na pikapu ya Peugeot 504 iliyokuwa ikitembea vizuri. Nyumba walikubaliana mama akae. Minazi iligawanywa katika kikao kimoja, chai ikanywewa, dua ikasomwa. Pikapu ikaachwa. Siku ya maziko ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe, na chini ya mwembe ikabaki.

Wakati mama yumo edani alikuja mfanyabiashara wa Kiromo akatoa bei ya shilingi milioni nne na laki nane, fedha taslimu. Mwana mkubwa, anayefanya kazi Tegeta, alitaka wauze. Mwana wa pili hakutaka, akasema yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza pamoja na baba tangu akiwa darasa la nne. Binti aliyeko Muscat alipiga simu akilia, akasema atatuma fedha za matengenezo lakini isiuzwe. Binti wa kati alinyamaza. Wa mwisho alikuwa na miaka kumi na mmoja, hakuulizwa. Na mama alipoulizwa alijibu kwa neno lililofunga mjadala.

"Hilo si gari. Hilo ni baba yenu."

Nani angeinua sauti baada ya hapo? Mfanyabiashara akaenda zake. Masika ya kwanza yakapita, na ya pili, na ya tatu. Maembe yaliiva yakaanguka juu ya paa la pikapu, yakaoza, na asidi yake ikala rangi. Fedha za Muscat zilikuja mara mbili, zikatumika katika ada za shule, jambo ambalo simlaumu mtu kwalo. Kila mwana alipokuja nyumbani alilizunguka gari, akaligonga boneti kwa kiganja, akaondoka. Baada ya miaka mitatu dalali akaja kuliangalia, akalala chini akamulika kwa simu, akainuka akijikung'uta, akasema laki tisa, kwa ajili ya spea na skrepa.

Hapo ndipo ugomvi ulipolipuka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu. Mkubwa alimlaumu wa pili. Wa pili alimwambia mkubwa kuwa tangu baba afe anahesabu fedha tu. Dada wa Muscat akawalaumu wote wawili. Wakafikia kutosalimiana katika harusi ya binamu yao. Kamati ikaombwa ipeleke watu, nikaenda pamoja na imamu wetu na mzee mmoja mwenye hekima ya kunyamaza.

Imamu hakuanza na nasaha. Aliomba karatasi. Akaeleza yale ambayo kila Mwislamu huyasikia na wachache huyaandika: katika mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yao. Hakuna kifungu kinachokitoa chombo cha usafiri kwa sababu kinapendwa. Mjane aliyeachiwa watoto ana thumni, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Katika nyumba ile hesabu ilikaa kana kwamba imepangwa: mafungu manane kamili, moja la mama, mawili kwa kila mwana wa kiume, moja kwa kila binti.

Akaandika safu mbili. Katika ya kwanza, bei ya milioni nne na laki nane: fungu moja ni laki sita. Mama laki sita, kila binti laki sita, kila mwana milioni moja na laki mbili. Katika ya pili, bei ya laki tisa: fungu moja ni shilingi 112,500. Kisha akaweka kidole kwenye fungu la binti wa mwisho, yule wa miaka kumi na mmoja ambaye sasa ana kumi na minne, akauliza kwa upole kabisa, "Huyu je, nani alimuuliza kama anataka laki sita zake zilale chini ya mwembe?"

Palikuwa kimya. Nilisikia jirani akitwanga.

Nadhani wote tuliokuwa pale tulikuwa tumeufikiria ugomvi wa wakubwa, na tukasahau kwamba ndani ya pikapu ile mlikuwamo mali ya yatima. Kwa wengi wetu mali ya yatima ni picha ya ami mwovu anayejenga kwa fedha za watoto wa nduguye. Hapa hapakuwa na mwovu hata mmoja. Palikuwa na mama anayempenda mumewe, na watoto wanaomheshimu mama, na chumvi iliyofanya kazi yake bila kumpenda wala kumchukia mtu.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Alimgeukia imamu: "Mwanangu, mimi nilikuwa nikitoka alfajiri nikaiona pale, najua nyumba ina mwenyewe. Sikujua kama nawala watoto." Imamu akamwambia, "Hukumla mtu, mama. Ulikuwa katika msiba." Nikaona kuwa hilo ndilo lililotakiwa kusemwa miaka mitatu nyuma, na kwamba laiti wakubwa wangekaa naye wakamsikiliza habari za alfajiri hizo, huenda wangepata njia isiyomwumiza yeye wala kumpunja mtoto.

Njia zilikuwapo, na nazitaja hapa kwa faida ya nyumba nyingine zenye kitu chini ya mwembe. Gari haligawanyiki vipande, lakini thamani yake inagawanyika. Warithi wanaweza kuliuza na kugawana fedha. Au mmoja wao anayelitaka anaweza kulichukua kwa bei iliyopimwa na mafundi waadilifu, akawalipa wenzake mafungu yao, hata kwa awamu, maadamu yameandikwa na mashahidi wapo. Au walio watu wazima wanaweza kusamehe mafungu yao kwa hiari. Mtoto mdogo hasamehi, na hasamehewi na mtu kwa niaba yake. Kisheria pia, Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi, na bila uteuzi huo kadi ya gari haihamishwi jina kule Mamlaka ya Mapato. Nimewaona watu wakiuza gari la marehemu kwa kupeana mikono na kadi ikabaki na jina la aliyezikwa. Siku gari hilo linapogonga mtu, askari huja kubisha hodi kwa mjane.

Na kama ni kuuza, basi kuuza kwa haki. Gari kuukuu ni uwanja mpana wa ghushi. Kutu hufunikwa kwa plasta na rangi mpya, oili nzito humiminwa ili injini isitoe moshi siku ya kuonyeshwa, kilomita hurudishwa nyuma. Wote tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu, mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua, naye akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu ili watu wauone. Yule bwana hakuwa ameiletea mvua. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa rundo. Basi anayepaka rangi juu ya chasisi iliyooza naye anapanga rundo. Na wale wanaodhani kwamba kutamka "nauza kama lilivyo" kunawaondolea wajibu wa kutaja aibu wanayoijua, wawarudie walimu wao. Mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiyari ya kurudisha, na hilo limo katika vitabu vya fiqhi tunavyovisomesha vijana kila mwaka.

Ama aliyeamua kubaki na gari lake, mimi namuunga mkono, kwa sharti la breki. Nasema haya nikiwafikiria watoto wa madrasa tunaowapakia nyuma ya pikapu siku za Maulidi, na waombolezaji wanaokaa ubavuni mwa jeneza huku miguu ikining'inia. Rangi ikichubuka hakuna atakayekufa. Maji ya breki, hata yakionekana yamejaa, hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na unyevu wa hewa yetu ni mwingi. Siku ya mteremko mrefu yanachemka, na pedali inashuka hadi sakafuni. Yabadilishwe. Tairi lenye meno mazuri lakini lenye nyufa ubavuni ni zee, haidhuru muuzaji aseme nini. Na rejeta isijazwe maji ya kisima cha pwani, ambayo yana chokaa na chumvi. Huacha magamba ndani ya mirija, ndipo gari likaanza kuchemsha njia nzima ya Makofia hadi Msata. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi, na maji maalumu ya rejeta ni bora kuliko yote. Likichemsha, kifuniko kisifunguliwe papo hapo. Ndani kuna mgandamizo unaoyafanya maji yapite kiwango cha kuchemka bila kuchemka. Ukifungua, yote yanaruka usoni mwako. Kijana mmoja wa mtaa wetu ana kovu la jambo hili kuanzia shavu hadi shingo, naye alikuwa akimsaidia mpita njia.

Mkewe mtu anayeshinda gereji kila Jumamosi ana haki ya kuhesabu pia. Mapenzi ya gari yanayokula fedha ya unga yana tatizo, na mimi nimekwisha kusikiliza malalamiko ya namna hiyo msikitini baada ya Ijumaa, yakiletwa na mashemeji kwa aibu. Hapo sina fomula. Mume amwonyeshe mkewe hesabu, naye aseme.

Nirudi kwenye pikapu ile. Mwana wa pili ndiye aliyeichukua. Mafundi wawili, mmoja wa Magomeni ya hapa Bagamoyo na mwingine aliyeletwa na kaka yake kutoka Tegeta ili pasiwe na shaka, waliipima kila mmoja peke yake, mmoja akasema milioni moja na mwingine laki tisa na nusu, wakakubaliana kwenye bei ya juu ili yatima apate nafuu. Fungu la binti wa mwisho lililipwa kwanza, siku hiyo hiyo, shilingi 125,000, likaandikwa katika daftari analolishika mama, nami nikatia sahihi kama shahidi. Kaka mkubwa alipokea zake kwa awamu tatu. Katika awamu ya pili alikuja mwenyewe gereji, akavua shati, akashika spana.

Injini ilikuwa imeshikana. Fundi alitoa plagi, akamimina oili ndani ya kila silinda, akaiacha usiku kucha, akarudi asubuhi akaizungusha kwa mkono, robo kwa robo. Siku ya tatu ilizunguka. Chasisi ya nyuma imekatwa na kuungwa upya kwa chuma kipya, breki zote zimebadilishwa, na mlango mmoja bado unatafutwa. Yupo mtu Mombasa anasema anao. Dada wa kati alichukua fungu lake akanunua cherehani. Dada wa Muscat alikataa lake, akatuma na nyongeza, akasema linunue matairi. Matairi manne yamekwisha kununuliwa. Yamewekwa chumbani kwa mama, nyuma ya kitanda, kwa sababu gereji ile haina lango la kufunga.